Bomba la chuma la petroli linavuja juu ya ekseli ya nyuma: nikate kipande au nibadilishe lote?

Mwendopole

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nina gari la zamani la petroli ambalo kwa muda sasa limekuwa likitoa harufu kali kila linapolala, hasa ninapokuwa nimelijaza tangi. Nimeingia chini yake nikiwa na tochi na nimepaona mahali penyewe. Bomba la chuma linatoka kwenye tangi, linapita juu ya ekseli ya nyuma, kisha linafuata chesisi hadi mbele, na pale linapoikaribia ekseli limeshikwa na kibano cha plastiki ambacho kimejaa udongo mkavu. Nikikipangusa kibano hicho kwa kitambaa, baada ya dakika chache unyevu unarudi, unakusanyika kwenye ukingo wa chini na kuwa tone. Rangi ya bomba imevimba malengelenge kiasi cha shubiri moja kila upande wa kibano. Sijathubutu kuikwangua.

Nimewauliza mafundi watatu na nimepata majibu matatu. Wa kwanza anataka kupachomea palepale bila kulitoa bomba, wa pili anasema nipake gundi ya chuma ile ya kuchanganya mirija miwili, na wa tatu anasema akate sehemu mbovu na kuunga kwa kipande cha mpira. Kwa kuwa haiwezekani wote watatu wawe sahihi, naomba mnisaidie kupima.

Lipo pia jambo jingine ambalo sijui kama linahusika. Gari likiwa linanguruma sioni tone lolote, lakini kwenye mlima mrefu hukosa nguvu, husitasita, kisha hurudi katika hali yake nikishafika tambarare. Je, hili ni tatizo moja au ni mawili?

Spana_Kumi

Ndugu Mwendopole, kabla ya kupima majibu ya mafundi wako, naomba gari hilo lisitembee tena hadi litengenezwe, wala lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya takriban nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu na kupotea, bali hutambaa sakafuni na kujikusanya mahali pa chini. Ukifikia takriban asilimia 1.4 tu ya hewa iliyopo, cheche ya swichi ya taa inatosha kuuwasha.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kuchomea bomba likiwa garini uuondoe kabisa kichwani, hata fundi akikuhakikishia kwamba amelikausha. Bomba au tangi lililomwagwa mafuta lina hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa kuwa kilichobaki ndani si petroli ya majimaji bali ni mchanganyiko wa mvuke na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka.

Gundi nayo haina hatari ya namna hiyo, ila haina kazi. Ili ishike, inahitaji chuma safi na kikavu, na wewe una chuma kinachotoka jasho la petroli muda wote. Ukilikwangua bomba ili kulisafisha, malengelenge unayoyaona yatafumuka, na tundu la ncha ya sindano litakuwa la kupitisha njiti ya kiberiti. Kutu ya namna hii huanzia nje, chini ya kibano, ambako udongo hushikilia maji yasikauke, na inapoanza kuvuja sehemu moja, ukuta wa bomba jirani na hapo huwa umekwisha kuliwa pia.

Swali lako la mwisho ndilo linalonivutia zaidi, lakini siwezi kulijibu mpaka utuambie mambo matatu: injini ni ya kabureta au ya sindano, yaani inayopuliziwa mafuta kwa shinikizo? Pampu ya mafuta iko ndani ya tangi, iko chini ya gari, au imefungwa ubavuni mwa injini? Na je, kuna bomba la pili linalorudisha mafuta kwenye tangi?

Mwendopole

Nashukuru, mkuu. Gari limesimama tangu niliposoma jibu lako. Injini ni ya kabureta, na pampu imefungwa ubavuni mwa injini, ile inayosukumwa na kemu, yaani mhimili wa injini unaofungua vali. Mabomba ni mawili na yanapita pamoja kwenye vibano vilevile: kubwa lina kipenyo cha nje cha milimita 8, na dogo, ambalo nadhani ni la kurudishia, lina milimita 6. Dogo kwa macho linaonekana zima.

Msasa_Taratibu

Kwa maelezo hayo, karibu nina hakika kwamba una tatizo moja. Pampu yako iko mbele na tangi liko nyuma, kwa hiyo injini inapozunguka, bomba lote lililo kati yao halisukumwi mafuta, linanyonywa. Tundu lililoko juu ya ekseli haliwezi kutoa petroli wakati huo. Linaingiza hewa. Ndiyo maana huoni tone injini ikinguruma. Kwenye barabara tambarare injini haihitaji mafuta mengi, na bakuli la kabureta linaweza kuvumilia mapovu machache, lakini mlimani, mguu ukiwa umekandamiza, pampu inavuta kwa bidii na kupata nusu petroli nusu hewa, na bakuli linaanza kukauka. Ukizima gari huku tangi limejaa, mafuta ya tangini yanakuwa juu kuliko tundu, nayo yanashuka kwa uzito wake na kudondoka usiku kucha. Tangi likipungua, harufu inapungua.

Kama kichujio chako cha karibu na pampu ni kile chenye ganda la kuonyesha ndani, kumbuka kama uliwahi kuona mapovu yakipita humo mfululizo injini ikizunguka. Sikushauri uliwashe sasa kwa ajili ya kutazama. Nataja tu kwa sababu watu wengi wenye magari ya aina hii hubadilisha pampu, wakabadilisha kabureta, na bomba linabaki lilelile.

Sasa niseme juu ya kukata na kuunga mpira. Katika gari la sindano, ambalo bomba lake hubeba shinikizo la kati ya baa 2.5 na 4 hivi, ningekataa bila mjadala. Kwa kabureta, ambayo mafuta hufika kwake kwa shinikizo la chini ya baa 0.5, na kwa upande wa kunyonya kama wako, kuunga mpira kunawezekana, lakini kwa masharti ambayo mafundi wa haraka huyaruka. La kwanza, ukate hadi ufikie chuma kizima kinachong'aa baada ya msasa mwepesi, si hadi pale tu tundu linapoishia. La pili, ncha ya bomba isiachwe laini kabisa: lazima itengenezewe mbinuko mdogo kuizunguka, mpira upite juu yake na kibano kikae nyuma yake, la sivyo mpira utachomoka siku moja kwa mtikisiko tu. La tatu, mpira uwe ule ulioandikwa ubavuni kwamba ni wa mafuta, wenye alama ya SAE 30R7 au 30R9. Mpira wa maji au wa hewa hulainika ndani kwa petroli, na upande wa kunyonya una ubaya wake wa ziada, kwani mpira dhaifu ukipata joto hubonyea na kujifunga wenyewe, ukakupa tatizo lilelile la mlimani. La nne, usiunge juu ya ekseli inayopanda na kushuka wala karibu na bomba la moshi.

Sharti la nne ndilo linalokuhukumu wewe.

Nati_Ngumu

Naunga mkono uchambuzi wa Msasa_Taratibu kuhusu hewa, ila kwenye mpira tunaachana njia mapema zaidi. Mimi ningebadilisha bomba lote kutoka kiungo hadi kiungo hata kama tundu lingekuwa mahali pazuri pa kuunga, kwa sababu kila maungio mawili ya mpira yanakupa sehemu mbili mpya za kuvuja, na bomba lenye umri huo litakuita tena chini ya gari kwenye kibano kinachofuata. Dogo nalo lisihukumiwe kwa macho. Limekaa ndani ya udongo uleule kwa miaka ileile.

Kuhusu bomba la kununua, chaguo langu ni aloi ya shaba na nikeli, yenye nikeli kiasi cha asilimia 10. Haishiki kutu, na inapindika kwa mkono bila kurudi nyuma. Mtu asikuuzie shaba tupu kwa maneno kwamba ni kitu kimoja: shaba tupu hukakamaa inapotikiswa kwa muda mrefu na hatimaye hupasuka, tena huharakisha petroli kuoza na kuacha utandu wa gundi ndani ya mabomba. Chuma cha pua kinadumu sana, lakini ni kigumu kupinda na kigumu zaidi kutanua mdomo. Kwa mtu anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza, kitamchosha bure. Chuma cha kawaida kilichopakwa kinga ni sawa pia, mradi ukubali kwamba kitakuja kuoza kama cha kwanza.

Ugumu wa kazi hauko kwenye kupinda, uko kwenye nati za zamani. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na usitumie spana ya kawaida yenye mdomo wazi, kwa sababu inashika pembe mbili tu na nati laini ya bomba huviringika upesi. Tumia ile spana ya pete iliyokatwa pengo kidogo ili ipite kwenye bomba, na upande wa pili wa kiungo ushikilie kwa spana nyingine ili usije ukapindua kile ambacho hukukusudia kukifungua. Nati ikikataa, kumbuka kwamba bomba hili linakwenda kutupwa: likishamwagwa mafuta, likate kwa kikata bomba cha mkono karibu kabisa na nati, kisha vika spana ya boksi ya pembe sita juu ya nati nzima na uizungushe. Nati iliyokuwa ikikataa nusu saa nzima hutoka kwa mvuto mmoja. Grenda isikaribie gari hilo hata kwa bahati mbaya, wala moto wa kulegeza nati.

Bomba la zamani ulitoe bila kulipinda, hata kama itakubidi uondoe gurudumu au ushushe kitu, kwa maana hilo ndilo kielelezo chako. Lilaze sakafuni, lipime kwa waya ulioufuatisha kila kona, na uongeze urefu wa kukatia. Jipya likiwa limekunjwa mviringo, linyooshe kwa kulisukuma juu ya meza bapa. Usilivute. Kona upinde kwa kifaa cha kupindia au kwa kulizungushia kitu cha duara, na kona isiwe finyu kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba, maana likijikunja na kubonyea hakuna njia ya kulirudisha. Kila ukikata, kwangua makali ya ndani, pulizia hewa, na uzibe ncha kwa utepe. Vumbi la shaba likifika kwenye pampu, litakaa kwenye vali zake na pampu haitashika tena mvuto.

Kuhusu kutanua mdomo: tazama kwanza mdomo wa bomba la zamani ulivyotengenezwa, kwa sababu kuna ule uliokunjwa mara mbili kwa pembe ya nyuzi 45 na kuna ule wenye umbo la tone, na kiungo cha mmoja hakikai kwenye mwingine hata kama hesi za nati zinaingiana. Fanya mazoezi kwenye kipande cha kutupa mpaka mdomo utoke sawa pande zote bila ufa. Na kabla ya kutanua, hakikisha nati imeshavikwa kwenye bomba na inatazama upande unaostahili, kwa sababu mdomo ukishatanuka nati haiingii tena.

Spana_Kumi

Niongeze yale ya kabla ya kushika spana, maana tumeyapita haraka. Kazi hii ifanyikie nje au chini ya paa lisilo na kuta, na kamwe isifanyikie juu ya shimo la karakana, kwa kuwa shimo ndilo mvuke unakokwenda kulala. Chomoa waya hasi wa betri mwanzoni. Gari likae juu ya stendi imara, na jeki peke yake haitoshi. Taa iwe ya betri yenye balbu isiyopata moto, na kizimamoto cha poda au cha povu kiwe mahali unapoweza kukifikia bila kuzunguka gari.

Fungua kofia ya tangi kwanza ili shinikizo la mvuke litoke, halafu punguza mafuta ya tangini kwa pampu ya mkono hadi yawe chini ya kiungo utakachofungua. Nasisitiza pampu ya mkono. Ule mtindo wa kunyonya kwa mdomo na mpira umeua watu, na si kwa sababu ya ladha: tone dogo likipitia koo lisilostahili huingia mapafuni na kuyaunguza. Vaa miwani pia, kwa kuwa ukiwa umelala chali chini ya kiungo, mafuta ya kwanza yanayotoka yatakulenga usoni.

Msomaji mwenye gari la sindano atakayefika hapa, ajue kwamba yeye ana hatua ya ziada: bomba lake hubaki na shinikizo hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo hutoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini izunguke hadi ife yenyewe kabla ya kulegeza chochote. Hiyo ni kwa lile lisilovuja. Kama linavuja tayari, hawashi injini, bali hulegeza kiungo taratibu kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa kinene, na chombo kikiwa chini yake.

Mwendopole

Wakuu, bomba limetoka zima, na ile mbinu ya kukata karibu na nati ndiyo iliyoniokoa upande wa tangi. Nilipokitoa kibano cha plastiki, niliona kwamba chini yake bomba lilikuwa limeliwa mzunguko mzima, hata nilipolibana kwa vidole likabonyea. Dogo nalo, baada ya kulipangusa, lina vishimo vya kutu palepale, ingawa halijavuja, na nimeamua kubadilisha yote mawili kwa aloi ya shaba na nikeli. Vilevile nimeona kwamba kile kipande kifupi cha mpira kinachounganisha tangi na bomba kina nyufa ndogondogo ukikikunja.

Nabakiwa na maswali mawili. Nivishikilieje vibano ili jambo hili lisijirudie, na nitajuaje kwamba hakuna kiungo kinachoingiza hewa, ikiwa uvujaji wa namna hii hauonyeshi tone injini ikizunguka?

Msasa_Taratibu

Kipande hicho cha mpira kibadilishe sasa hivi pamoja na vibano vyake, kwa sababu nacho kiko upande wa kunyonya. Vibano vya kukazia mpira viwe vile vyenye kingo zilizokunjwa nje, si vile vyenye matundu yanayokata mpira kila unapokaza.

Bomba lipite njia ileile ya zamani, na lishikwe kila mahali palipokuwa na kibano. Mabomba yanayoachwa kuning'inia hutetemeka hadi yanachoka. Tumia vibano vyenye ganda la mpira ndani, ili aloi isigusane na chuma kitupu cha chesisi, lakini visiwe vya kukumbatia udongo: kila unapoosha gari chini, elekeza maji pale. Kabla ya kuvifunga, safisha kutu kwenye chesisi na upake rangi, iache ikauke kabisa. Juu ya ekseli hakikisha nafasi ipo gari likiwa limekaa kwa magurudumu yake na lina mzigo, kwa sababu ekseli inayoning'inia huonyesha nafasi kubwa ambayo barabarani haipo. Na wakati uko humo, litazame bomba la breki linalopita jirani. Hilo haliungwi kwa mpira wala kwa kibano cha aina yoyote. Likiwa na malengelenge kama hayo, linabadilishwa.

Kuhusu kupima hewa, pima mwenyewe mapema: kila bomba jipya, likiwa bado halijafungwa garini na halijawahi kuingia petroli, liunge na viungo vyake, ziba upande mmoja, ingiza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli upande wa pili, na upake maji ya sabuni kwenye kila mdomo. Tundu lisiloonekana kwa macho litapuliza povu. Baada ya kufunga, jaza tangi ukiwa nje, usiwashe gari, na uache likae usiku mzima huku karatasi nyeupe ya kupangusia imezungushwa kwenye kila kiungo. Mafuta ya tangi lililojaa husukuma kwa uzito wake ndani ya bomba hadi kufikia usawa wa mafuta ya tangini, na karatasi itaonyesha hata unyevu ambao vidole havihisi. Viungo vilivyo juu ya usawa huo, hasa karibu na pampu, havitapimwa na uzito huo, na kwa hivyo unategemea jaribio la sabuni pamoja na kichujio cha kuonyesha: washa injini, ikishatulia tazama kichujio, na mapovu ya mwanzo yakiisha na yasirudi unapokanyaga mafuta, umemaliza. Kuwasha kwa mara ya kwanza kutachukua muda kwa kuwa bomba ni tupu, kwa hiyo zungusha stata kwa vipindi vifupi na uipumzishe katikati.

Ikitokea kwamba hakuna povu, karatasi ni kavu, na bado gari linasitasita mlimani, legeza kofia ya tangi kidogo, kisha upande mlima uleule bila kulijaza tangi hadi juu. Nguvu zikirudi, tundu la kupumulia la kofia limeziba, na pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya tangi lisiloingiza hewa. Hilo unalimaliza kwa kubadilisha kofia tu.